Insulini ya Mtani

Kwa siku tatu nilikuwa nimechungulia friji ya kila duka la dawa mjini Suva. Unaingia, unauliza, mfamasia anakufungulia mlango wa friji ujionee mwenyewe kwamba hakufichi kitu, na ndani unaona dawa za macho, chanjo na chakula chake cha mchana. Insulini hakuna. Mzigo umechelewa, wanasema, labda mwisho wa mwezi. Mmoja akanishauri mume wangu apunguze kula muhogo. Nilimwambia asante, na nikamwambia maneno mengine ambayo sitayaandika hapa.

Mume wangu Peceli alikuwa amebakiza dozi mbili, ya jioni ile na ya asubuhi. Peceli ni mtu wa mzaha, na akiingiwa na hofu mzaha huzidi. Siku hiyo aliniaga kwa kuniambia nikiikosa, nitakapoolewa tena nisichukue mtu anayekoroma, kwa sababu nyumba moja haiwezi kubeba wakoromaji wawili. Nilimrushia taulo. Halafu nikaingia bafuni nikalia, nikanawa uso, nikajaza barafu kwenye chupa ya chai na kupanda basi la Nausori.

Duka la dawa la Kamini liko karibu na soko. Mbele yangu alisimama baba mmoja mnene mwenye shati la maua, na miguuni kwake ameegemeza furushi la mizizi ya kava, ile tunayoitwanga kwa kinywaji cha sherehe. Kamini alikuwa anamtolea maboksi mawili kutoka kwenye friji.

"Una bahati," alimwambia. "Ndizo za mwisho. Atakayekuja baada yako nitampa barafu."

Moyo ulinishuka mpaka kwenye ndala. Atakayekuja baada yake ndiye mimi.

"Suva nimeimaliza yote," alisema yule baba. "Nilikuwa karibu kurudi Kadavu mikono mitupu."

Kadavu! Nilipolisikia hilo jina nikasimama wima. Watu wa kisiwa chetu na watu wa Kadavu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akitaka kitu chako anachukua, nawe unacheka. Mwaka juzi mmoja wao aliondoka na sufuria yangu ikiwa bado na mchuzi ndani, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Nikapitisha mkono juu ya bega lake, nikauvuta ule mfuko wenye maboksi.

"Hii imekwenda," nikasema.

Aligeuka. "We mama, wa wapi wewe?"

Nikamtajia kijiji chetu. Uso wake wote ukafunguka.

"Ala! Nimefunga milango yote kwangu kuwakimbia nyie, kumbe mwizi wangu ananisubiri Nausori!"

"Mwizi babu yako. Alikula nguruwe wetu peke yake, na mpaka leo ukoo wenu mzima mna mashavu yake."

Wateja wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Kamini peke yake hakucheka.

"Jamani, hii si samaki wa kunyang'anyana. Hii ni dawa. Imeandikwa kwa jina la..."

"Ni ya mama mkwe wangu," alimkatiza yule baba, haraka sana. "Mpe huyu. Mama mkwe ananichukia hata hivyo, nami nahitaji kupumzika."

Kamini alitikisa kichwa. Kisha akaomba cheti cha Peceli, akakilinganisha na kile kingine. Insulini ileile. Akafuta jina kwenye maboksi, akaandika upya, polepole, kama mtu anayesubiri mmoja wetu aseme neno. Nikautia mfuko kikapuni. Nilijiambia mama mkwe ana watoto wake, watamtafutia. Ndivyo nilivyojiambia, sifichi.

Nilikuwa nimeshakaa dirishani ndani ya basi nilipomwona tena. Alikuwa kwenye bomba la maji la soko. Alijaza chupa kubwa, akainywa yote amesimama. Akajaza tena, akanywa. Akaenda chooni, akarudi, akajaza ya tatu. Kisha akakaa kwenye benchi na kufumba macho.

Kiu ile naijua. Niliiona kwa Peceli mwaka ule, kabla hatujajua anaumwa nini, alipomaliza birika zima na kuanza kuyatazama maji ya maua. Sasa nikaelewa Kamini alikuwa anataka kutaja jina la nani. Nilijiona mtu mbaya. Nikashuka, na dereva akanipigia kelele mpaka nikavuka barabara.

"Mama mkwe wako ana kiu kweli," nikamwambia yule baba. "Naona unamnywea maji."

Alifumbua jicho moja. "Umerudi kuiba hata bomba?"

"Hujajidunga tangu lini?"

"Tangu juzi. Panda basi lako, mtani."

Nikatoa boksi moja. "Shika."

Akaficha mikono nyuma ya mgongo, mzee mzima. "Sishiki. Kikishachukuliwa na mtani kimekwenda. Unataka kule Kadavu waseme Emosi alirudishiwa? Heri sukari inimalize kuliko midomo ya shangazi zangu."

Hakuwa anatania. Hapo ndipo nilipoogopa. Kumpa siwezi, na kuondoka siwezi. Ilibaki njia moja tu: aniibie.

Basi nikaliweka lile boksi juu kabisa ya kikapu, wazi, nikaanza kupaza sauti. "Watu wa Kadavu siku hizi mmekatika mikono? Zamani bibi zetu walificha hata kuku wakisikia mashua yenu inakuja! Leo mali iko mbele ya macho, na mwanamume anakunywa maji!"

Wauza mboga wakaacha kufunga mafungu. Mama mmoja mwenye magimbi akasema, "Maskini! Mwache mzee wa watu, amechoka."

"Hajachoka, ameishiwa ukoo!"

Wakacheka. Emosi alitabasamu bila kusogea, na kope zake zilikuwa zinashuka. Nikaona matusi hayatoshi. Nikainama nikalikumbatia furushi lake la kava.

"Na hili limekwenda."

Hapo alisimama. "Weka chini! Hiyo ni ya kuposea! Mwanangu anaposa Jumamosi!"

"Ataposa kwa maji. Unayo mengi."

Kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa cha tumboni, na mkono wake ukaja. Akachukua lile boksi. Akachungulia kikapuni, akahakikisha lile jingine lipo. Kisha akainyakua na chupa yangu ya chai, barafu na vyote.

"Chupa yangu!"

"Imekwenda," akasema, na soko zima likamshangilia. Muuza samaki alinionea huruma, akanipa barafu kidogo, nikalizungushia boksi la Peceli mifuko miwili. Likinuka samaki, atajua mwenyewe.

Emosi alikwenda kujidunga chooni. Nilisimama nje ya choo cha wanaume na furushi la kava mikononi, na kila aliyepita alinitazama, nami nilimtazama vilevile. Alipotoka akaninyang'anya furushi lake, nami nikaanza kupumua.

"Ulikuwa unanichungulia?"

"Nilitaka kuhakikisha hujaiuza. Umekula?"

"Nakwenda kula. Mpe mumeo salamu. Mwambie ameoa jambazi."

Nilitaka kumtukana ili tuagane vizuri, lakini yakatoka mengine. "Usife, Emosi. Ukifa itabidi nije msibani kwenu, na kazi yangu pale ni kuwachekesha wafiwa. Sitaweza. Nitalia kweli, mbele ya Kadavu nzima, na tutaziweka wapi sura zetu?"

Emosi aliweka furushi chini. Akanishika mkono, akaushikilia kidogo, kisha akaenda kula.