Blanketi la Vipande Kumi na Vinne

Mwalimu wa ushonaji alimaliza pindo la mwisho saa kumi na mbili asubuhi, chai ikiwa imepoa pembeni ya cherehani. Akakata uzi kwa meno, akalitandaza blanketi kitandani, akarudi nyuma kulitazama. Hatua mbili tu, mgongo ukagota ukutani.

"Haya, umependeza," akaliambia.

Alishazoea kusema na vitambaa. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita, na binti yake wa pekee aliolewa mbali. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi aliweza kukaa bila kusikia mtu akimwita. Muhula huu, angalau, kulikuwa na blanketi. Wanafunzi wake kumi na wanne walileta kila mmoja kitambaa cha kwao: shati la babu, foronya, pazia, sketi iliyombana dada. Walikata miraba na kuipinda kwa mkono, maana cherehani tatu za shule hazikuwa na mikanda tangu mwaka juzi na maombi yalikuwa "yanashughulikiwa". Nyumbani yeye aliunganisha na kutia bitana. Blanketi lilikuwa la chumba cha wagonjwa cha shule, ambako msichana mwenye homa hulala kwenye godoro tupu, amejifunika sweta la rafiki.

Katikati ulikaa mraba wa kijani wenye maua meupe. Aliuleta msichana ambaye wenzake walimwita Kimya. Siku hiyo alisema maneno mengi kuliko ya muhula mzima: "Ni gauni la marehemu mama, Mwalimu. Kimebaki kipande hiki tu."

Shuleni, blanketi likiwa kwapani, alikuta mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Mkuu wa shule alimdaka getini, jasho likimtiririka.

"Mwalimu, umetuokoa! Mgeni rasmi anaingia saa nne na zawadi hatuna. Lete hilo."

"Hili ni la wagonjwa, Mkuu."

"Wagonjwa wamelala bila blanketi miaka yote hii. Watavumilia."

Afisa elimu, aliyekuwa nyuma yake, alilipapasa blanketi kwa vidole viwili. "Safi sana. Nitasema ni ubunifu wa ofisi yetu."

"Wameshona wanafunzi, mheshimiwa."

"Ndiyo, ndiyo. Wanafunzi wa ofisi yetu."

"Kuna kipande humu cha mtoto aliyefiwa na mama yake..."

"Mwalimu," mkuu alimkatiza kwa sauti ya chini, "usinitie matatani. Nusu saa. Likunjwe, lifungwe utepe."

Mwalimu alijifungia darasani, akatoa wembe mkobani. Mishono ilikuwa yake mwenyewe, midogo, imebanana. Aliishona idumu, na sasa ilimgomea. Alijikata kidole, akakinyonya, akaendelea. Mraba wa kijani ulipotoka, pale katikati palibaki bitana nyeupe na nyuzi zinaning'inia. Alilikunja blanketi, akafunga utepe kwa uangalifu, kama alivyoagizwa.

Uwanjani afisa alilikunjua mbele ya watu wote. Makofi yalianza, yakafa.

"Panya?" mgeni rasmi aliuliza, na kipaza sauti kikamsikia.

Wanafunzi wakacheka. Afisa akamtazama mkuu, mkuu akamtazama mwalimu. Naye akainuka kutoka kiti chake cha nyuma.

"Si panya. Hapo palikuwa na kipande chenye mwenyewe. Namrudishia."

Hakuna mwalimu mwenzake aliyegeuka. Jirani yake alisogeza kiti pembeni kidogo. Mgeni rasmi alitabasamu, akatazama saa, na hotuba zikaendelea. Alipoondoka, msaidizi wake alilisukumiza blanketi kwenye buti la gari, juu ya tairi la akiba.

"Barua ya kujieleza," mkuu alisema vumbi la gari likiwa bado hewani. "Kesho saa mbili, mezani kwangu. Na afisa anauliza hilo somo lako lina faida gani. Mimi sikuwa na jibu."

Mwalimu alimkuta Kimya barazani nje ya darasa, akampa mraba wake. Msichana aliukunja mara mbili, akautia mfuko wa sketi.

"Asante, Mwalimu."

Hakuondoka. Alitazama viatu vyake, kisha akainua uso.

"Na vya wenzangu?"

Mwalimu alimnyooshea kola. Kengele ikalia, ikamwokoa. "Nenda darasani, mwanangu."

Jioni, nyumbani, alimpigia binti yake. Simu iliita mpaka ikakatika. Baadaye ukaja ujumbe: *Niko kazini mama, nitakupigia.* Aliusoma, akaiweka simu juu ya kitanda, ambacho leo kilionekana kipana. Hakukuwa na kitambaa cha kukata wala mtu wa kuulizwa kama rangi zinapatana. Akavuta karatasi, akaiweka juu ya cherehani, akaandika tarehe, cheo, na *Yah: Kujieleza.*

Mwanzo aliandika sababu, akazifuta. Akaandika samahani, akaifuta pia. Mwishowe akaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, unaosomeka kutoka dawati la nyuma:

*Nakiri kosa. Vipande vilikuwa kumi na vinne. Nilifumua kimoja tu.*

Akatia saini.