Mpaka Breki Apimwe

Jina la Bi Hamira hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu mbili: alioka mikate, na alikuwa mwepesi wa kuumuka. Ukimgusa pabaya alifura taratibu, akajaa chombo chote, na kama hukuondoka mapema alikufurikia. Lakini hasira zake hazikuwa na sumu. Ukizibonyeza kidogo kwa kidole, zilinywea.

Mumewe aliitwa Breki. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa dereva wa basi la abiria, na sifa yake ilikuwa kwamba akisimamisha gari, mtoto aliyelala mapajani mwa mama yake hajui kama wamefika. Alipostaafu alikaa kwenye kochi akawa anatazama ukuta. Watoto wao, wote wana nyumba zao, walikuja kumshauri afuge kuku, alime bustani, asikilize redio. Akawaitikia ndiyo, ndiyo. Walipoondoka akarudi kwenye ukuta wake.

Aliyemwinua ni mkewe. Asubuhi moja alimwekea beseni la unga mbele yake, akamwambia, "Nikandie, mzee. Mikono yangu inauma."

Haikuwa ikiuma. Breki alinawa, akakunja mikono ya shati, akaanza. Mikono iliyozoea usukani mpana kama sinia ililigeuza lile donge huku na huku bila kuchoka, na mikate ya siku hiyo ikatoka laini hata wanunuzi wakauliza kama unga umebadilishwa.

Tangu hapo mtaa haukuwapa nafasi ya kupumua. Watu walijaa uani mpaka kamba ya nguo ikakosa pa kuanikia. Kwa hiyo chumba cha mbele cha jirani, kilichokuwa cha kinyozi, kilipobaki wazi, Bi Hamira alikikodi, akaenda ofisi za manispaa kuomba leseni ya biashara. Alidhani ni kazi ya asubuhi moja. Karani wa dirishani, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimweleza kama anayemwelekeza mgeni njia: leseni haitoki bila cheti cha zimamoto, zimamoto hawaji kabla ya kibali cha afya, na watu wa afya wanataka waone kwanza hicho chumba chenyewe.

"Kumbe nimeingilia mlango wa nyuma," alisema Bi Hamira.

"Wote huingilia huko, mama. Nenda kwa bibi afya, na uwe na subira."

Bibi afya alikuja juma lile lile. Alikuwa binti mwembamba, viatu vya kutembelea miguuni, tochi mkononi. Alimulika chini ya meza, nyuma ya tanuri, mpaka kwenye pembe za dari. Akasema dirisha liwekewe wavu, sinki liwe la mabakuli mawili, pipa la taka lipate kifuniko, na paka aliyelala juu ya gunia tupu atafutiwe makao mengine. Bi Hamira aliitikia kila neno. Alikuwa amejiandaa kwa makubwa zaidi.

"Na kila anayegusa unga apimwe afya," binti akamalizia. "Wewe, mama, na baba huyu."

Breki alikuwa kwenye kona, akijaribu meza mpya, unga umemfika viwikoni. "Mimi namsaidia tu."

"Unamsaidia kwa nini, baba?"

"Kwa mikono."

"Basi hiyo mikono ina mwenyewe. Mwenyewe apimwe."

Breki alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kile kile alichokuwa nacho siku zote. "Vumbi la unga," alisema, akijifuta machozi kwa bega. Bibi afya alimtazama kwa muda, kisha akazima tochi yake akaaga.

Sasa, Breki na hospitali walikuwa hawasalimiani. Mkewe alipojifungua, mara zote, yeye alingojea nje ya geti. Kwake yeye ugonjwa ulikuwa kama abiria asiye na tiketi: usipomjali, atashuka mwenyewe kituo cha mbele.

"Andikisha jina lako peke yake," alimwambia mkewe jioni ile. "Mimi nitakaa mbali na jiko."

Bi Hamira alikuwa anachambua mchele. Alijua kwamba ingewezekana. Alijua pia kwamba mtu huyu akirudi kwenye kochi, safari hii hatainuka. Hakusema hivyo.

"Sawa," alisema. "Nitatafuta mtu mwingine wa kukanda."

Breki aligeuka. "Mtu mwingine ataupiga unga kama anafukuza nyoka."

"Ataupiga, ndiyo. Lakini atakuwa amepimwa."

Asubuhi Bi Hamira alimkuta amekaa kwenye kiti kando ya mlango. Alikuwa amevaa shati la harusini, viatu vimepigwa kiwi, kofia iko magotini. "Twende," alisema, "kabla moyo haujapiga rivasi."

Kliniki alitania kila mtu. Alimuuliza muuguzi kama damu yake wataichukua yote au watamwachia ya kurudia nyumbani. Lakini sindano ilipokaribia, alinyoosha mkono wa pili pembeni bila kutazama, kama mtu anayetafuta gia gizani, akaushika mkono wa mkewe. Akaubana mpaka pete ikamuumiza. Bi Hamira hakuutoa.

Walipimwa damu, wakapimwa choo. Daktari aliposikia kile kikohozi akaagiza Breki apimwe makohozi na apigwe picha ya kifua. Waliporudi kuchukua majibu, Bi Hamira alipewa cheti chake mapokezini. Breki aliitwa ndani.

Ilikuwa kifua kikuu. Daktari, mwanamke wa makamo asiyependa kuzungusha maneno, aliwaeleza kwamba hakijaenea sana, kwamba kinapona, na kwamba dawa ni za kila siku kwa miezi sita, bila kuruka hata moja. Kwa sasa mzee alale chumba chake, madirisha wazi, akifunika mdomo akikohoa. Bi Hamira naye akapigwa picha ya kifua, na kifua chake kikaonekana kizima.

Walipotoka walikaa kwenye benchi la nje. Breki aliizungusha kofia mikononi. "Nimekuharibia leseni yako," alisema.

Hapo Bi Hamira akaumuka. Alifura kweli kweli, mpaka waliokaa karibu wakasogea. "Leseni? Unanitajia leseni? Mwaka mzima unakohoa sikioni mwangu, na mimi mjinga nakuamini, vumbi la unga, vumbi la unga. Kama si yule binti na tochi yake ningekuja kukuzika na vumbi lako." Kisha sauti ikamwishia. Breki akamshika bega, akasahau kwamba ameambiwa akae mbali, akakumbuka, akaondoa mkono na kugeukia upande mwingine kukohoa.

"Leo umenifurikia," alisema.

"Na bado," alijibu mkewe, lakini alikuwa tayari anatafuta leso.

Kesho yake alikwenda kwa bibi afya. Njia nzima alijiambia kwamba angeweza kunyamaza. Alipofika akasema yote kwa pumzi moja, akasimama akingoja kufukuzwa.

Binti alimvutia kiti. "Wengi huficha, mama," alisema. "Halafu sisi tunakuja kusikia msibani. Baba asiingie jikoni mpaka kliniki waandike kwamba ameruhusiwa. Wewe endelea na kibali chako. Wavu umeshaweka?"

Wavu alikuwa ameshaweka.

Bi Hamira alitaka kungoja mumewe apone ndipo wafungue. Breki hakutaka kusikia. "Ukiningoja mimi, tanuri litazaa buibui. Anza. Majirani na wale, hata kama ni mkate wa mafunzo."

Na mkate wa mafunzo ndio waliokula. Siku ya kwanza ya kujaribu tanuri jipya, Bi Hamira alikanda peke yake, akagawa bure kwa majirani, nao wakashukuru kwa adabu. Mmoja aliuliza kama ni wa kuloweka. Mkate ulikuwa mzito, ungeweza kuuwekea mlango usifungwe na upepo.

Siku ya pili Breki alijifunga kitambaa mdomoni, akaburuta kiti uani, akakaa hatua kadhaa kutoka kwenye dirisha lenye wavu. Hakuona vizuri ndani, ila alisikia.

"Hapo unaupapasa," alisema. "Hujaukanda."

"Nyamaza, mgonjwa wewe."

"Sukuma kwa kiganja, si kwa vidole. Kama unaondoa gari kwenye matope. Polepole, usiitishe injini."

"Mimi nilikuwa naoka mikate wewe hujui hata unga unauzwa wapi."

"Kweli. Lakini sikiliza. Ukikandwa sawasawa haulii tena *pwata, pwata*. Unanyamaza."

Bi Hamira akasukuma kwa kiganja. Jasho lilimtiririka, mabega yakamuwaka. Aliendelea, na nje ya wavu mzee aliendelea kuelekeza, kata kona, rudi nyuma kidogo, sasa nyoosha, mpaka ghafla wote wawili wakasikia kwamba donge limenyamaza. Bi Hamira alilifunika kwa kitambaa kibichi, akakaa chini, upande wake wa dirisha. Walikaa hivyo muda mrefu kuliko donge lilivyohitaji.

Wiki zilipopita kliniki wakasema hawezi tena kumwambukiza mtu, lakini dawa ziendelee, na jikoni bado. Breki, ambaye hakuwahi kupenda foleni, akaomba apewe kazi ya kufuatilia vyeti. Akawa kila asubuhi anameza dawa mbele ya mkewe, anafungua mdomo kuonyesha kwamba ameimeza, kisha anaondoka na bahasha kwapani. Watu wa zimamoto walitaka mlango ufungukie nje, ndoo ya mchanga, na mtungi wa kuzimia moto. Alimsimamia fundi mpaka mlango ukafunguka kwa kidole kimoja. Kwenye mabenchi ya manispaa alijuana na kila mtu. Aligundua kwamba karani wa miwani ya uzi aliwahi kuwa abiria wake, tena aliwahi kusahau kuku ndani ya basi. Hilo halikuharakisha chochote, ila lilifanya kungoja kuwe kutamu.

Siku aliyorudi na leseni yenyewe, aliishika kwa mikono miwili. Bi Hamira aliisoma, akairudia, akavua miwani.

"Mimi nilisema Mkate Bora."

"Mkate Bora wapo wawili tayari. Karani akaniambia nitaje jina jingine pale pale, na nyuma yangu watu wanaguna. Nikataja ninalolijua."

"Kwa hiyo umenipeleka serikalini na jina la utani."

"Watu wote hapa wanajua mlango wa Bi Hamira. Huo Mkate Bora wangeuulizia wapi?"

Alimwambia kwamba hana adabu, tangu ujana wake hana. Kisha aliitundika ukutani mwenyewe. Katikati ya kufagia, alipodhani haonekani, alisimama mbele yake akalipitishia jina kidole, herufi kwa herufi.

Duka lilifunguliwa. Mikate ilikuwa mizuri, ingawa wanunuzi wa zamani, ambao hawana aibu, walikuwa wakiuliza Breki anarudi lini.

Alirudi dawa zilipokwisha. Kliniki walimwandikia kwamba amepona, na bibi afya akaja mwenyewe kumkabidhi kibali chake. Hakumulika kitu siku hiyo. Alinunua mkate mmoja, akasema kutwa hajala, akaondoka akimega njiani.

Breki alinawa mpaka viwikoni. Alivaa aproni, akasogeza beseni karibu, akamwambia mkewe, "Sogea, mama, mwenye gari amekuja." Akaanza kwa mbwembwe. Lakini ugonjwa ulikuwa umekula nyama ya mabega yake, na donge halijafika nusu akaanza kuhema. Alisimama, viganja juu ya unga, akijifanya anaukagua.

Bi Hamira alizunguka meza, akatia mikono yake upande wa pili wa beseni. Yeye akasukuma, Breki akapokea. Breki akasukuma, yeye akapokea. Mwanzoni walikuwa wakigongana vidole na kulaumiana nani ameenda mapema. Baadaye wakapata mwendo, na mazungumzo yakahamia kwa watoto, kwa bei ya kuni, kwa jirani aliyeuliza ule mkate ni wa kuloweka. Nje watu walikuwa wameanza kugonga kaunta. Bi Hamira akawaambia wangoje, unga haujanyamaza.