Makofi ya Safu ya Mbele

Siku mbili mgeni alikaa nyumbani kwa Oiva Pulkkanen bila kutamka neno, na Oiva hakuona ajabu yoyote. Aliona tu kwamba kapewa binti mwenye adabu. Mjini Harjakoski hakuna anayesifiwa kwa maneno mengi. Anayeingia nyumba ya watu akavua viatu, akala alichoandaliwa na akanyamaza, huyo kalelewa na mama yake. Saimi alivua viatu. Alikula supu ya samaki mpaka likaonekana ua lililochorwa ndani ya bakuli, akatabasamu, akapanda zake ghorofani. Oiva aliosha vyombo akijisemea kwamba kumbe watu wa miji mikubwa nao wamo.

Saimi Lindroos alikuwa mwimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa mwanzo hadi mwisho. Kila kiangazi tamasha lao huzunguka miji midogo saba, na kwa kuwa miji yenyewe haina hoteli ya maana, waimbaji hulala majumbani mwa watu. Mwaka huu zamu ilifika Harjakoski, na aliyeifikisha ni Raili, dada yake Oiva, mwenyekiti wa kamati na wa kila kitu kingine pale mjini. Raili ndiye aliyewagawa wageni kama mtu anayegawa vifaranga.

"Wewe nikupe nani?" alimwuliza kaka yake. "Nina mpiga zeze mmoja, mpole, hali nyama."

"Nipe mwenye sauti kubwa kuliko wote."

"Wewe? Si wewe uliyesema opera ni paka aliyefungiwa ndani ya pipa?"

"Ndiyo. Sasa nataka kumsikia huyo paka kwa karibu."

Raili alicheka, akamwandika Saimi kuwa mgeni wa Oiva. Hakujua kwamba kaka yake hakuwa anatania. Oiva alikuwa na jambo lililomkaa rohoni tangu majira ya baridi. Mjukuu wake Vieno, mtoto wa miaka minne anayeishi Tampere, alikuwa akimpigia simu kila Jumapili na kumhadithia mambo yake. Oiva alisikia mvumo, kama nzi ndani ya chupa, akajibu "ndiyo, ndiyo, mama." Jumapili moja mtoto akamrudishia baba yake simu. Sauti ya mwanawe ni nzito, ile Oiva aliisikia vizuri sana: "Baba, anasema babu hamsikilizi. Hataki kuongea nawe tena."

Neno hilo lilimchoma. Miaka thelathini na minane alisimama kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao, na siku zile masikio yalizibwa kwa pamba, basi. Lakini labda ni simu mbovu. Labda watoto wa siku hizi wanatafuna maneno. Kwa daktari hakutaka kwenda, maana daktari huandika, na kilichoandikwa hakifutiki. Ndipo aliposikia kwa Raili kwamba waimbaji hawa hawatumii maikrofoni, na kwamba mwanamke mmoja anasikika juu ya okestra nzima. Akapiga hesabu yake ya kiseremala: sauti ya namna hiyo ikishindwa kumfikia mtu akiwa jikoni kwake mwenyewe, basi tatizo si simu. Alitamani kujua, akaogopa kujua, na vyote viwili vilimkosesha raha.

Ijumaa asubuhi alikuwa dirishani na kikombe chake cha kahawa. Saimi alisimama kwenye gati, amelielekea ziwa. Alijishika mbavu, akavuta pumzi, akafungua kinywa, kikafunguka kweli kweli, hata koo likaonekana likicheza. Akafunga. Akafungua tena. Oiva alifungua dirisha. Akasikia upepo kwenye matete. Akatoka nje, akanyata mpaka nyuma ya sauna, kibanda chake cha kuogea mvuke, hatua ishirini tu kutoka alipo binti. Kinywa wazi, mikono inapanda, na hakuna sauti.

Aliingia kibanda cha kuni akapiga gogo kwa shoka, akasikia. Akaangusha kijiko ndani ya ndoo, akasikia kidogo, au alidhani kasikia. Akasema jina lake mwenyewe kwa sauti. Lilifika. Kwa hiyo vizito vinafika, vyembamba vimekwisha, na huyu binti anayesikika juu ya okestra hamfikii mtu aliye nyuma ya sauna. Siku ile hakula chakula cha mchana. Jioni walikaa mezani wote wawili, kila mmoja kimya, na Oiva aliona aibu hata kumtazama, maana huenda alikuwa akizungumza naye tangu siku ya kwanza.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Mshindo ulikuja Jumamosi saa moja asubuhi, Oiva akiwa anamimina kahawa.

"Asante, mzee wangu. Na uniwie radhi," alisema Saimi.

Kahawa ilikwenda mezani, ikakwenda kwenye mkate, ikaishia kwenye soksi.

"Umesema?"

"Nimesema. Leo ndiyo nimeruhusiwa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya chini kidogo. "Nilipata mafua mji uliopita, daktari akanikataza nisitoe sauti siku tatu. Nilijua utaniuliza, nikawa na karatasi mfukoni ya kukuandikia. Hukuuliza."

"Nilidhani ni heshima."

"Siku mbili?"

"Mke wangu, Mungu amrehemu, alipokuja hapa mara ya kwanza alinyamaza wiki nzima."

Saimi alicheka mpaka akajishika koo. Oiva akavuta kiti, maana lilibaki swali moja na alitaka kulijua akiwa ameketi.

"Jana pale gatini. Ulikuwa unaimba?"

"Kwa kinywa tu. Misuli inafanya kazi, sauti inalala. Ulikuwa unanichungulia, mzee?"

"Nilikuwa natafuta shoka," alisema Oiva. Uongo mtupu, lakini furaha ilikuwa imemjaa kiasi kwamba angeweza kudanganya mpaka kanisani.

Saimi akamwambia hofu yake. Wimbo wa mwisho wa opera una noti moja ya juu kabisa, juu ya hapo hakuna njia. Okestra inanyamaza, yeye anaishika peke yake, nyembamba, bila nguvu. Mji uliopita, kwa mafua yale, ilimkatika katikati. Leo wakubwa wa opera wanakuja kutoka Helsinki kuisikiliza noti hiyo. Ikikatika tena leo, wiki ijayo ataimba mwingine.

"Haitakatika," alisema Oiva. Angeahidi lolote asubuhi ile.

Opera iliimbwa katika banda la kukaushia mbao la kiwanda kile kile, kiwanda chenyewe kikiwa kimefungwa zamani. Raili, kwa heshima, aliwatengea safu yote ya mbele wastaafu wa msumeno. Walikuja kumi na mmoja, mashati yamepigwa pasi, saa kumi na mbili jioni na jua bado juu ya misonobari. Kando ya Oiva aliketi Veijo, rafiki yake tangu ujana, mtu wa makelele, ambaye akiulizwa jambo hujibu jambo jingine kwa sauti kubwa, na watu wote humwita mcheshi.

Saimi akaingia kwa vazi la mchumba anayemngoja mwanamume aliyekwenda vitani, akafungua kinywa, na safari hii sauti ilitoka. Ilimfika Oiva usoni kama joto la sauna mtu afunguapo mlango. Aliisikia. Aliisikia neno kwa neno, hata alipofumba macho. Hakujua kwamba mwili wa mtu una nafasi ya kuweka kitu kikubwa namna ile. Basi ni simu, alijiambia, ni simu ile mbovu, nami kesho nanunua nyingine. Alitaka kumgusa Veijo bega amwambie, lakini hakuna aliyewahi kumgusa Veijo bega.

Wimbo wa mwisho ukaja. Okestra ikapungua, ikapungua, wapiga zeze wakashusha mikono. Saimi alisimama peke yake. Kisha ikawa kimya, kimya kizuri, na Veijo akapiga makofi.

Alipiga kama apigavyo mtu aliyebeba magogo maisha yake yote. Wa kando yake akaitikia, na wa kando ya huyo, na kwa muda mfupi safu nzima ya mbele ilikuwa ikipiga makofi, Oiva miongoni mwao, machozi yakimlengalenga. Ndipo alipoona kinywa cha Saimi. Kilikuwa wazi. Koo lilikuwa likicheza. Aligeuka nyuma akaona watu mia tatu wamesimamisha pumzi, na dada yake Raili kaweka mkono kichwani kama aliyefiwa.

Oiva alishusha mikono. Wengine walishusha pia, mmoja mmoja, wakitazamana kwa pembe ya jicho, na kila mmoja akajifanya alikuwa akijifuta vumbi.

Nje kulikuwa na meza ya kahawa na maandazi ya iliki. Wastaafu kumi na mmoja walijikusanya mwisho wa meza, migongo kwa watu. Raili akawajia amevimba.

"Mmenivua nguo. Miaka mitatu naiomba opera hii, nanyi mnaivunjia noti yake kama mko kwenye mieleka. Kaka, hata wewe?"

"Furaha ilitushinda," alisema Veijo kwa sauti kubwa.

"Furaha!"

Saimi alitokea nyuma yake, bado kwa vazi la mchumba, amepauka. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuuma Oiva.

"Ilikatika, sivyo?" aliuliza. "Mimi nikiwa juu kule sijisikii vizuri, nasikia mifupa ya kichwa tu. Mlipopiga makofi nikajua imekatika. Raili ananiambia ilikuwa nzuri, lakini Raili ni mwenyekiti, ataniambia nini kingine? Niambieni ninyi. Mlikuwa karibu kuliko wote."

Veijo akatazama andazi lake. Wengine wakatazama misonobari. Mficha uchi hazai, na hapa walisimama wanaume kumi na mmoja waliouficha huo wao tangu ujana, wakikaa meza moja kila siku na kupigiana kelele kwa ucheshi. Oiva aliona jinsi ilivyo rahisi kusema ilikuwa nzuri sana. Lakini angesemaje kuhusu kitu ambacho hakikumfika?

"Hatukuisikia, binti," alisema. "Noti yako ilikuwapo. Masikio ndiyo hayakuwapo. Nilipiga makofi kwa sababu nilidhani umemaliza."

"Jisemee mwenyewe," alisema Veijo.

"Najisemea. Mimi sikuisikia. Mjukuu wangu simsikii pia."

Kisha mzee mmoja aliyekuwa mwisho wa meza akasema, "Mimi pia." Na mwingine. Walisema wakitazama chini, mmoja baada ya mwingine, kama wanaoitikia majina yao kiwandani asubuhi, na Veijo peke yake hakuitikia.

Rangi ilimrudia Saimi usoni. Alivuta benchi akaketi mbele yao, amewakazia macho mithili ya mtoto aliyepata kitu asichowahi kukiona.

"Wapi mnaniacha?" aliuliza. "Nataka kujua. Fumbeni macho, msinitazame kinywa. Inueni mkono. Anayenipoteza, ashushe."

Wakafumba. Mikono kumi na mmoja ikapanda. Saimi akaanza chini, taratibu, ngazi kwa ngazi, kwa sauti nyembamba ile ile. Oiva aliihesabu. Ya kwanza ilikuwa wazi, ya pili, ya tatu. Ya sita ilikuwa uzi. Ya saba ilikuwa upepo kwenye misonobari. Alishusha mkono, na ingawa moyo ulimuuma, alishusha na pumzi, maana sasa alijua ni wapi.

Alifumbua macho akaitazama mikono ya wenzake ikishuka. Miwili, minne, saba. Raili alikuwa akilia waziwazi. Ukabaki mkono mmoja, wenye vidole vitatu vilivyosazwa na msumeno, umesimama imara juu ya vichwa vya wote, wa Veijo.

Saimi alifunga kinywa. Alikunywa maji, akaweka kikombe mezani. Mkono bado ulikuwa juu. Oiva alisogea, kwa mara ya kwanza akamgusa rafiki yake bega, kisha akaushika mkono ule na kuushusha polepole.

"Ameshanyamaza, Veijo."

"Bado namsikia," alisema Veijo, macho kayafumba.

Hakuna aliyemcheka.