Siku Ishirini na Moja na Mama Mkwe

Mwaka wa hamsini na sita Reuben alirudi Ronge, kwao vilimani, akiwaka homa, kutoka Voi alikokuwa akifanya kazi ya reli, wala hakwenda kwa mkewe. Kwa watu wa vilima vile, mwana akizidiwa hurudi penye meko ya mama yake, awe ameoa au hajaoa. Akalala kwa mama yake, Dinah, siku mbili. Siku ya tatu bwana afya akaja, akatazama vile vipele, akasema ni ndui. Reuben akachukuliwa kwa machela mpaka kwenye mahema ya wagonjwa kule Voi, na juma halikuisha akazikwa huko huko.

Bomani wakabaki wanawake wawili, Dinah katika nyumba kubwa na mkwewe Tryphena katika ile ndogo. Bwana afya akawachanja, akazungusha kamba ya katani, akasema, "Karantini siku ishirini na moja. Siku ya mwisho, nyumba aliyolala mgonjwa itachomwa."

Tryphena alikuwa hajazaa. Mjane asiye na mtoto hukaa kwa mumewe maadamu nyumba yake imesimama. Hilo lilijulikana na kila mtu. Ikiondoka, shemeji yake Thadeus, nduguye Reuben, angejenga pale, na Tryphena angerudi Rukanga kwa kaka yake mwenye mke asiyemtaka. Basi aliposikia kwamba ya kuchomwa ni ile ya Dinah, alishusha pumzi, kisha akaona haya mbele za Mungu. Akamwendea mama mkwe.

"Mama, njoo ulale kwangu. Kule kuna ugonjwa."

Dinah hakuwa mtu wa kukaribishwa hivi hivi. Kwa miaka minne alimwita Tryphena "huyu". Huyu hajui kuponda kimanga cha mihogo na maharage. Huyu anakula na hazai. Lakini siku ile alikunja mkeka wake, akaja.

Walimlilia Reuben pamoja, siku tatu, nne. Kisha, sijui niseme nini, raha ikawaingia. Hapakuwa na kwenda kuteka maji bondeni, wala kutafuta kuni, wala kushika jembe. Majirani walileta mitungi na viazi, wakaviweka penye kamba na kurudi nyuma mbio mbio.

"Hawa wanatuogopa kuliko wanavyomwogopa chifu," Dinah alisema. "Ningejua, ningeugua zamani."

"Shangazi, nitakushtaki," Mwandawiro, askari wa chifu aliyelinda kamba, akamjibu kutoka kivulini. "Unakula vizuri kuliko mimi."

"Ruka kamba basi, uje ule. Ndui iko ya kutosha."

Tryphena alicheka mpaka akashika mbavu. Mchana Dinah alimfundisha kusuka kikapu cha katani, ule mkono wa kukaza usioonyeshwa mtu wa nje. Jioni waliimba nyimbo za kanisani, mmoja akianza na mwingine akipokea. Siku ya tisa, akimnyoa nywele, Dinah akasema, "Geuza kichwa, mwanangu." Tryphena akageuza, machozi yakamtoka bila sauti. Usiku huo aliomba, "Bwana, nakushukuru kwa kamba hii. Ikikupendeza, ongeza siku."

Siku hazikuongezwa. Siku ya ishirini na moja alikuja bwana afya mwingine, kijana Mkamba aitwaye Musyimi, maana yule wa kwanza alikuwa amehamishiwa Taveta, kama Mwandawiro alivyokuwa amewadokezea jana yake. Karatasi yake ilikuwa na jina la marehemu na amri ya kuchoma nyumba moja, basi.

"Mgonjwa alilala ipi?"

"Kwa mkewe," Dinah akasema. "Mwanamume aliyeoa alale wapi?"

Musyimi akaona ni kweli. Kwa kijana wa mbali, lilikuwa jambo la wazi.

"Mama," Tryphena alisema, "alilala kwako."

"Amechanganyikiwa na msiba," Dinah akamwambia Musyimi kwa upole. "Mimi ndiye niliyemzaa marehemu. Niseme uongo juu yake?"

Musyimi akamgeukia Mwandawiro, ambaye siku zote zile alikuwa amesikia kila kitu. Mwandawiro akatazama viatu vyake. "Mimi nililetwa hapa mgonjwa ameshaondoka, bwana."

Hapo ndipo Tryphena alipouona mkeka wa Dinah, umekunjwa, umeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba kubwa. Ulitolewa asubuhi, kabla mtu yeyote hajafika.

"Niruhusu nitoe vyombo vyangu."

"Hakuna kinachotoka," Musyimi alisema.

Nyasi za paa la nyumba ndogo zilikuwa kavu, zikashika moto mara. Haikuchukua muda. Musyimi akakata kamba, akaandika, akaondoka na askari.

Dinah alisimama kando ya Tryphena, wakitazama majivu.

"Sijacheka namna ile tangu nikiwa msichana," alisema. "Usidhani nilikuwa nakudanganya. Namshukuru Mungu, na wewe nakushukuru. Lakini Thadeus ana watoto watatu, na mimi ni mzee, nikalale wapi?"

"Si ningelala kwako, mama. Kama ulivyolala kwangu."

"Kwangu Thadeus anakuja na watu wake kesho." Akajishika kiuno. "Rukanga ni mbali, heri uanze njia mapema. Ila kabla hujaenda niletee maji, mgongo huu siuwezi, na leo hakuna tena wa kutuletea."

Tryphena akachukua mtungi, akashuka bondeni, akapanda nao umejaa. Akautua mlangoni kwa Dinah, akaufunika vizuri usiingie majivu, kisha akashika njia na nguo aliyovaa.