Kompyuta Juu ya Mafiga

"Usiiwashe!" Kemigisha aliwahi kukifunika kitufe kwa kiganja. "Tafadhali, mama. Usiiwashe hata kidogo."

Mwanamke aliyesimama mbele ya meza aliurudisha mkono wake chini ya kitenge. Alikuwa ametoka Nkwenda kwa gari la alfajiri, na vumbi la barabara lilikuwa bado limekaa kwenye nyusi zake. Mezani, juu ya khanga iliyokunjuliwa, ililala kompyuta ndogo iliyojaa masizi na kunuka moshi kama samaki mkavu. Kifuniko chake cha chini kilikuwa kimevimba, hata mashine nzima ikawa inayumba kila ilipoguswa.

"Mliiweka wapi hii?"

"Juu ya uchaga, jikoni." Alijibu bila aibu, kama mtu anayesema aliiweka benki. "Nyumba ilivuja siku ya tatu ya msiba, ikalowa. Nikaona nikiianika juani itaibiwa, watu walikuwa wengi. Nikaipandisha juu ya mafiga, pale penye mbegu za mahindi. Kila asubuhi naigeuza upande wa pili, ikauke sawasawa. Karibu siku arobaini, fundi, sijaruka hata moja."

Mwenye kutaka kucheka na acheke, lakini acheke akijua. Katika majiko ya Kyerwa, kitu ambacho mtu hataki kabisa kukipoteza hupanda kwenye uchaga. Mbegu za msimu ujao ziko huko, maharage ya akiba yako huko, hata cheti cha ubatizo kikifungwa vizuri kwenye nailoni hukaa huko, na moshi huvizuia vidudu miaka nenda miaka rudi. Bibi yake Kemigisha naye angefanya hivyohivyo. Ndiyo maana Kemigisha hakucheka. Alimsogezea mgeni kigoda na kumwuliza jina.

Aliitwa Benadeta. Mume wake, Mwalimu Jovin, alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, akastaafu, na ini likamwua kabla hajaizoea pensheni.

"Humu ndani mna nini, mama?"

"Mna maneno yake."

Akasimulia, macho yakiwa kwenye ile mashine. Wiki mbili kabla ya kufa, Jovin alijifungia chumbani akajirekodi kwa kamera ya kompyuta. Alipotoka alimwambia, "Benadeta, usihangaike tena. Maneno yote nimeyaweka humu." Hakusema zaidi, naye hakuuliza, kwani mgonjwa hahojiwi. Walipokwisha kuzika, shemeji yake Aristides alisimama mbele ya waombolezaji. Alisema kibanja, yaani shamba pamoja na nyumba yao, ni cha ukoo. Kama marehemu alimwachia mke, basi ukoo usikie kwa kinywa chake mwenyewe, na kama hakusema kitu, watu wazima watakaa wazungumze.

"Nami nikasimama," alisema Benadeta. "Mbele ya mzee Mbonimpa, kiongozi wa ukoo, kaburi likiwa bado bichi. Nikaapa kwamba alisema. Nikawaomba siku arobaini niwaletee sauti yake. Kikao ni kesho."

"Hicho kibanja kikubwa?"

"Kikubwa wapi! Migomba, na mibuni isiyofika mia mbili. Lakini Vero wangu amelala pale, chini kabisa, karibu na mpaka. Hatukujaliwa mwingine. Alikufa ana miaka sita. Nikiondoka, nani atampalilia?"

Kemigisha alikuwa na lake moyoni, la Songambele alikozaliwa. Siku ukoo ulipokaa kugawa mali ya baba yake, yeye alikuwa jikoni anamenya ndizi za kuwalisha haohao wagawaji. Binamu yake mmoja aliingia kuchukua chumvi, akamwambia huku anaondoka, "Limekwisha." Limekwisha! Yeye hata hakuwa amesikia likianza. Alitoka pale na blanketi moja, akafika hapa Omurushaka, akaosha vyombo kwenye nyumba ya wageni mpaka alipopata mtu wa kumfundisha kufungua redio, halafu simu, halafu kompyuta. Watu humwambia ni Mungu aliyemfungulia mlango huo. Huitikia amina kwa adabu. Ule mchana hajausamehe na hana mpango wa kuusamehe.

"Nitaifungua, mama, lakini wewe ukakae nje kwenye benchi. Unaliona hili tumbo? Ni betri, imejaa gesi kwa ule moto wa jikoni. Ikitoboka inawaka, na moto wake haujui maji."

"Na maneno?"

"Maneno hayakai kwenye betri. Yana chumba chake. Hali ya huko siijui mpaka nifike."

Benadeta alitoka akakaa benchini, upande wa pili wa ukuta wa mbao, na kuanza kutafuna kahawa kavu alizofunga kwenye pindo la kitenge. Kemigisha alizisikia zikivunjika moja moja kati ya meno yake.

Kwanza alisogeza karibu ndoo ya mchanga mkavu. Akanawa mikono, akaifuta mpaka ikakauka, akajifunga mkononi waya wa shaba ulioungwa na nondo iliyochimbiwa sakafuni, ili umeme mdogo wa mwili ushukie ardhini badala ya kuiunguza bodi. Kisha akachukua kipande cha boksi, akachora juu yake umbo la mashine, na kila skrubu aliyoitoa akaichomeka mahali pake kwenye mchoro. Skrubu hazilingani. Ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi hutoboa bodi, na fundi akabaki kumwambia mwenye mali kwamba ilikuja mbovu. Kemigisha hakuwahi kumwambia mteja uongo wa namna hiyo, na hilo ndilo lililokuwa jina lake mjini. Wenye maduka makubwa walimwita fundi kobe. Lakini walipokwama wao, mashine zao zilimfikia yeye kwa mlango wa nyuma.

Ukobe wenyewe aliununua. Miaka tisa iliyopita, akiwa na haraka ya kwenda harusini, alichokonoa betri iliyovimba kwa bisibisi. Kovu lilianzia kwenye kifundo cha mkono likapanda hadi karibu na kiwiko, na hakufika harusini.

Aliingiza kadi ya plastiki kwenye ufa wa kifuniko akaitembeza pole pole mpaka vibanio vikaachia. Ndani kulikuwa na masizi, na mende wawili waliokauka kwenye feni. Betri ilikuwa imetuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Alivuta plagi yake kwa kucha, bila chuma, mpaka ikatoka. Ilibaki gundi. Alipitisha uzi wa nailoni chini ya betri akawa anaikata ile gundi kavu kidogo kidogo, akienda na kurudi, jasho likimchuruzika mgongoni. Katikati ya kazi betri ililia, *tk*. Akasimama. Nje, kahawa nazo zikanyamaza.

"Fundi?"

"Bado niko, mama."

Ilipoachia, aliibeba kwa viganja viwili akailaza kwenye ndoo na kuifunika kwa mchanga. Aliipeleka ndoo nyuma ya kibanda, akarudi mezani.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya brashi, spiriti na uvumilivu. Vitufe vya herufi vilikuwa vimekufa, la kuvunda halina ubani. Lakini bodi ilikuwa nzima, na diski, alipoifuta ncha zake, iling'aa kama haijawahi kuonja moshi. Saa nane mchana alirudisha kifuniko kwa skrubu nne tu, akachomeka waya wa umeme moja kwa moja bila betri, akaunga kipanya cha kwake, akabonyeza. Feni ikazunguka, kioo kikawaka. Kemigisha alifurahi peke yake kama mkunga aliyesikia kilio.

Faili lilikuwa palepale mbele, limeandikwa kwa herufi kubwa za mwalimu: USIA. Kwa kawaida hakufungua mambo ya watu. Lakini video inaweza kuwa na jina zuri na tumbo bovu, na yule mama hawezi kupelekwa mbele ya ukoo na kitu kisichojaribiwa. Alipunguza sauti, akaifungua.

Mwanamume aliyekonda, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, anakaa vizuri mbele ya kamera. Anakohoa sana. Anaita maji. Mlango nyuma yake unafunguka na Benadeta anaingia na kikombe cha plastiki cha buluu. Anashukuriwa, anatabasamu, anatoka. Mwanamume anageuza shingo kuuangalia mlango mpaka unafungwa. Kisha anaendelea kungoja, nyayo ziishie mbali. Ndipo anaposema.

"Mimi Jovin, nikiwa na akili zangu timamu. Kibanja nilikipokea kwa baba, na kwa baba ni kwa ukoo. Nakirudisha kwa ndugu yangu Aristides, na baada yake kwa mwanawe. Mke wangu Benadeta, Aristides amtunze mahali atakapoona panafaa..."

Kemigisha alisimamisha video. Alitamani kumshika yule marehemu kwenye ile kola yake safi na kumtikisa. Siku arobaini mwanamke anaamka kuigeuza motoni kama chapati, kumbe anaivisha hukumu yake mwenyewe! Asingeapa, angekuwa na la kubishania, kwani watu wazima wangekaa wazungumze, na mazungumzo yana mianya. Kwa maneno haya hapakuwa na mwanya hata wa kupitisha uzi.

Alisogeza kipanya juu ya lile faili. Kufuta ni kubonyeza mara mbili. Angetoka nje na kusema, pole mama, moto umeimaliza. Mashine yenyewe, kwa sura ile, ingemtolea ushahidi. Ungekuwa uongo wake wa kwanza katika miaka kumi na tano ya ufundi, na hakuona kwamba ungemkosesha usingizi. Kidole kilikuwa tayari juu ya kipanya.

"Nimemsikia akikohoa," alisema Benadeta.

Alikuwa amesimama mlangoni, makapi ya kahawa mdomoni, uso umemchanua kama wa mtu aliyepokea mgeni. "Mawe, mama yangu! Ni yeye. Kikohozi kile hata nikiwa kaburini nitakijua. Amesema nini, fundi?"

Kemigisha alitoa kidole. Hakuwa na pa kupita tena. Alimsogezea kigoda, akairudisha video mwanzo.

Walitazama wakiwa wamekaribiana, bega kwa bega. Jovin alijiweka sawa, akakohoa, akaita. Benadeta wa kwenye kioo aliingia na kikombe, na Benadeta wa kwenye kigoda akacheka kidogo, machozi yanamtoka. "Niangalie! Na kitenge hikihiki."

"Ahsante, mke wangu," alisema Jovin. Mwanamke akatabasamu, akageuka, akashika mlango.

"Simamisha hapo."

Kemigisha alisimamisha. Benadeta alikitazama kioo muda mrefu, kisha akamtazama fundi usoni, na kicheko kikamwondoka.

"Siku ile nilimwuliza, nikae nawe? Akasema nenda, maharage yataungua. Hayakuwa yanaungua, fundi. Nilikuwa nimeshayaepua." Alifuta pua kwa pindo la kitenge. "Inaendelea muda gani, nikishatoka?"

"Dakika tatu."

"Alingoja nitoke?"

"Alingoja, mama."

"Jina langu limo?"

"Limo. Amesema Aristides akutunze."

"Anitunze." Alilirudia neno kana kwamba alikuwa anatafuta upande wa kulishika. "Kama mbuzi wa jirani."

Nje, utingo wa gari la Nkwenda alianza kupiga ubao na kuita abiria wa mwisho. Kemigisha aliinama karibu na sikio la yule mama. Alizungumza upesi, yeye ambaye hakuwa na upesi wowote.

"Hakuna aliyeiona ila sisi wawili. Naweza kusema imekufa. Betri iko nyuma pale, wakaione kwa macho yao. Nitaandika karatasi, nitapiga mhuri wangu. Nitakuja mwenyewe kesho nisimame mbele ya huyo Mbonimpa."

Benadeta alinyoosha kidole chenye masizi kwenye kucha, akagusa ukingo wa kioo.

"Moto uliharibu nini hasa?"

"Betri. Na vitufe. Kwenye maneno haukufika."

"Heri ungeyala maneno ukaacha betri." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Mimi niliapa, mwanangu. Juu ya kaburi lake na karibu na la mtoto."

"Waliogawa ya kwetu hawakuapa chochote," alisema Kemigisha.

Utingo aliita tena. Benadeta hakuinuka. Kemigisha alipeleka mkono ukutani, kwenye soketi. Mashine ile haikuwa na akiba yoyote ndani yake, uhai wake wote ulikuwa kwenye ule waya.

"Nizime, mama? Gari litakuacha, na kikao ni kesho."

"Usiizime."

Gari lilinguruma, likapanda kilima, na vumbi lake likaingia mpaka ndani ya kibanda na kutua juu ya lile boksi lenye skrubu zilizobaki. Kwenye kioo, mwanamke mwenye kitenge alikuwa bado ameshika mlango, nusu yuko ndani na nusu yuko nje, anatabasamu kwa sababu ameambiwa ahsante.