Mwizi Aliyetumwa Mapema

Mafuriko yalipokwisha na mto kurudi kwenye mkondo wake, Asegedech alikuta gunia lake la tefu, nafaka ya mkate wa injera, liko salama darini, bamba la kuokea ni zima, na kikombe cha Mariamu kinaning'inia msumarini kama hakijasikia habari. Kilichokufa ni chungu cha chachu. Kilikuwa vipande vitano na tope.

Akacheka, maana kulia alishamaliza alipomzika mumewe. "Ee Mungu," akasema, "umeniachia jembe, ukachukua mpini. Haya, nalima na nini?"

Chachu ile alipewa na mama yake siku ya harusi. Kila akikoroga unga wa injera alibakiza maji yake ya njano, yachachushe unga unaofuata. Miaka thelathini, bila kukatika. Sasa siku ya Mariamu ilikuwa imebakiza siku nne. Mwezi uliopita yeye ndiye aliyekabidhiwa kikombe cha chama chao cha kusherehekea Bikira Mariamu kila mwezi, na mwenye kikombe huwalisha wenzake injera ya mkono wake. Unga wenyewe hutaka siku tatu kuumuka. Kikombe hakijawahi kurudishwa bila karamu, na Asegedech, ambaye tangu ujane hakuwa na ndugu ila wanachama wale, hakutaka kuwa wa kwanza kukirudisha kikavu.

Majirani wa bondeni walisombewa vyungu kama yeye. Juu kilimani alibaki Woinshet peke yake, na Woinshet, tangu mwaka wa njaa, akimwona Asegedech hukata kona. Kosa ni lipi, Asegedech hakujua.

"Mungu wangu, kwingine kote hukuona?" alinung'unika, lakini akachukua kibuyu akapanda. Amtumainiye Mungu huku amekaa kitako, alizoea kusema, anatumaini kigoda.

Woinshet alipomwona mlangoni, mwiko ukamponyoka.

"Umekuja," akasema, kama mtu aliyefikiwa na polisi.

"Nimekuja, shoga. Usiogope, sihamii. Naomba chachu kidogo."

"Chachu?"

"Chachu. Au huku juu mnaiita jina lingine?"

Woinshet hakucheka. "Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

Woinshet akajikalisha chini, akajifunika uso kwa shela.

"Mwaka wa njaa unga uliniishia, dada, chachu yangu ikakauka. Nami nilishajitapa mtaa mzima kwamba yangu haina mfano. Kukuomba nikaona haya. Siku ya Pasaka, ulipokuwa kanisani, nikaingia jikoni kwako nikachota kikombe kimoja." Akanyoosha kidole kwenye chungu pembeni. "Ile pale ni yako. Ya mama yako. Miaka saba naila kwa wizi."

Asegedech akafunua chungu. Harufu ikampanda puani, kali, na utamu kwa mbali: asubuhi jikoni kwa mama yake. Akachovya kidole, akaonja.

"Kumbe Mungu," akasema, "aliyaona mafuriko miaka saba kabla, akamtuma mwizi mapema!"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka, kisha yakaendelea kutoka wenyewe.

"Utanisamehe?"

"Ungekuwa mwaminifu, leo ningechota wapi? Nimekusamehe. Lakini usizoee!"

Siku ya Mariamu, Asegedech aliumwaga uji wa tefu kwa mzunguko juu ya bamba la moto, akafunika, akasubiri. Alipofunua, injera ilikuwa imefumbua macho yake yote, vitundu mamia kwa mamia, yanamtazama.

"Asante," akanong'ona. "Nami nakuona."

Wanachama walipoketi, alimega ya kwanza, akaviringisha tonge la kumlisha mwenzake kwa mkono, akamfuata Woinshet aliyemwalika, naye amejibanza karibu na mlango.

"Achama, mwizi wangu."

Woinshet akala, akijifuta macho. "Basi, dada, yatosha."

"Yatosha wapi? Wazee husema tonge moja la kulishwa huleta ugomvi, na huo tumeshaumaliza," Asegedech akasema, akiviringisha la pili, huku la tatu akiliwazia ukubwa.