Kichuguu Kilichovuka Barabara

"Naapa, afande, haya ni kweli tupu. Kichuguu kilitoka kushoto, kikavuka barabara bila kuangalia!"

Kastori, mstaafu wa Gitega aliyekuja Muyinga kumtembelea shemeji yake Thomas, alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Baiskeli aliyoazimwa na Thomas ililala mtaroni, gurudumu la mbele limekunjwa kama chapati. Thomas alisimama kando, mikono kiunoni. Kosa likiandikwa la Kastori, Kastori ndiye atakayelilipa gurudumu.

Afande Charlotte aliangalia fomu yake, penye kilichogongwa: gari, mtu, mnyama, kitu kisichotembea.

"Kichuguu haitembei, mzee."

"Hiki kilikuwa kinahama, na mchwa wake wote."

Charlotte akafikiri, akaandika: *mnyama, wengi*. Roho ya Kastori ikatulia.

Ukabaki mchoro wa ajali. "Bon, mzee, onyesha vile we ulikuwa unaendesha."

Kastori, ambaye hajawahi kuwanyima watu maonyesho, akakalia jiwe, akakanyaga pedali za hewa. Mkono wa kulia ulishika usukani. Wa kushoto ukanyooka mbele, vidole vimekaza.

"Mukono ile inashika nini?"

"Nyuma ya lori, afande! Mlima huu nani anaupanda kwa miguu yake?"

Akaziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Thomas alicheka mpaka akakaa chini. Charlotte akawafuta mchwa wote, akaandika: *kosa la mwendesha baiskeli*.

Nauli yake Kastori ya kurudi Gitega ikanunua gurudumu jipya. Kastori akabaki kwa shemeji, akipalilia maharage mpaka apate nauli nyingine.